Tovuti ya fantasi ikigoma kulipa ushindi wako

Kwenye tovuti ya fantasi unaunda kikosi cha wachezaji halisi na kushindania pesa kwa pointi wanazopata. Ikigoma kukulipa ulichoshinda, acha kucheza na hilo salio kabla hujaandika malalamiko yoyote. Ombi la kutoa pesa linapokaa siku kadhaa likisomeka kwamba linashughulikiwa, mara nyingi kitufe cha kulifuta huwa kiko palepale. Ukilifuta, pesa zikarudi kwenye akaunti na ukaziingiza kwenye shindano jipya, hakuna tena cha kudai. Usifungue akaunti ya pili pia. Hiyo ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kumnyima mtu haki yake, hata kama alishinda kihalali.

Ushahidi ukusanywe siku hiyohiyo, kwani akaunti ikishafungwa huoni kitu. Chukua namba ya shindano na ya tiketi yako, kikosi kama kilivyokuwa muda wa kubadilisha wachezaji ulipofungwa, jedwali la mwisho la pointi, historia ya kuweka na kutoa pesa, na mazungumzo yote na huduma kwa wateja. Picha za skrini zionyeshe tarehe na saa. Hifadhi pia vigezo na masharti pamoja na kanuni za pointi. Masharti hubadilishwa, na ya kusimamia ni yale uliyoyakubali ulipoingia shindanoni. Kama tayari yamebadilishwa, tafuta nakala ya zamani kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi kurasa za mtandao zilivyokuwa zamani.

Sasa jua wanakukatalia kwa lipi, maana kila sababu ina jibu lake.

Uhakiki wa utambulisho ndio unaokwamisha wengi, na hutatulika upesi. Jina la akaunti halifanani na la benki, anwani ni ya zamani, au picha ya kitambulisho imekatwa pembe. Tuma nyaraka zote kwa mkupuo mmoja, na uombe wakuthibitishie kwa maandishi kwamba hakuna kinachopungua.

Bonasi inataka hesabu. Ukiweka 100, ukapewa bonasi ya 100 yenye sharti la mara 10, huenda unatakiwa kuchezea 1,000 kabla ya kutoa chochote. Sharti likihesabu amana na bonasi kwa pamoja, ni 2,000. Angalia masharti yanasema lipi kati ya hayo mawili kabla hujabishana.

Mgogoro wa pointi huanza pale takwimu zinaposahihishwa baada ya mechi: pasi ya bao inafutwa, au bao linahesabiwa la kujifunga. Angalia masharti yanataja chanzo gani cha takwimu na marekebisho yanakubaliwa hadi lini. Kisha piga hesabu ya pointi zako mwenyewe, mchezaji mmoja baada ya mwingine, uiambatanishe.

Kigumu zaidi ni pale wanaposema mfumo ulikosea. Mahakama za Uingereza zimewahi kuamua pande zote mbili. Mwaka 2021 mchezaji Andrew Green aliishinda Betfred, kampuni ya kamari, na kupata zaidi ya pauni milioni 1.7, kwa kuwa masharti ya kampuni hayakuwa wazi wala hayakuwekwa mbele ya mchezaji ipasavyo. Mwaka 2024 mchezaji mwingine aliyeona ushindi wa pauni milioni 1 kwenye skrini alishindwa katika rufaa dhidi ya Camelot, kampuni iliyokuwa ikiendesha bahati nasibu ya taifa: alikuwa amebonyeza kukubali masharti, nayo yalieleza jinsi ushindi unavyothibitishwa. Hoja yako basi isiishie kwenye kile skrini ilichoonyesha. Ishike ibara yenyewe.

Malalamiko yaende kwa barua pepe, hata kama umeshachati nao. Andika jina la akaunti, namba ya shindano, kiasi unachodai na tarehe ya ombi la kutoa. Uliza swali moja: ni ibara namba ngapi inayowaruhusu kuzuia pesa hizi? Wape siku 14 za kujibu. Usitukane wala usitishie. Barua hiyo itasomwa baadaye na msuluhishi.

Wakikaa kimya, tafuta leseni yao. Usiamini nembo iliyo chini ya ukurasa. Ingia mwenyewe kwenye daftari la mamlaka iliyotoa leseni, ulinganishe jina la kampuni na anwani ya tovuti. Kwa kampuni yenye leseni ya Uingereza, wiki 8 zikipita bila suluhu unaweza kwenda kwa msuluhishi huru, kama IBAS, bila kulipa. Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya huko yenyewe haiamui madai ya mtu mmojammoja, kwa hiyo kuiandikia peke yake hakutakurudishia pesa.

Kuiomba benki ibatilishe muamala wa kadi kunaweza kurudisha amana, si ushindi, na mara nyingi akaunti hufungwa papo hapo. Iache iwe hatua ya mwisho.

Tovuti ikikutaka ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungua salio" ndipo utoe pesa, huo ni utapeli. Usitume hata senti. Ni vivyo hivyo kwa anayekufuata mtandaoni akiahidi kukukombolea ushindi wako kwa malipo ya awali. Kwa hao wote, nenda benki na polisi ukiwa na risiti za miamala yako.