Kumfundisha mbwa kuketi anapomwona mgeni: kwa vipande vya maini, si kwa fimbo

Mbwa anayemrukia mgeni kwa furaha hana nia mbaya, lakini Tanga hilo ni kosa zito kuliko kubweka usiku kucha. Jirani wa Ngamiani au Makorora anaelekea msikitini na kanzu yake. Mate ya mbwa yakimgusa, kwa madhehebu ya Shafii wanayoyafuata Waislamu wengi wa Pwani, mahali hapo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo somo hili tunaliweka mbele ya mengine yote: akimwona mtu, aketi. Mbwa aliyeketi haruki.

Andaa mkanda wa shingoni wa ngozi au nailoni, mpana, unaopitisha vidole viwili, na kamba ya mita 2. Kamba ya katani ni imara na Tanga haina shida ya katani, lakini iwe ya kushikia tu. Ikifungwa shingoni nyuzi zake huchubua, na mbwa mwenye kidonda hafundishiki. Chemsha maini ya ng'ombe bila chumvi wala kitunguu, kata vipande vidogo kama punje ya kunde, 20 kwa kila somo. Dagaa wakavu nao wanafaa, ila waloweke kwanza na kumwaga maji ili chumvi itoke. Vitunguu, chokoleti na zabibu humdhuru mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ncha kali zinazoweza kumtoboa utumbo.

Fundisha kabla hajala, saa 12 na nusu asubuhi au baada ya saa 11 jioni, dakika 3 hadi 5 tu, mara mbili au tatu kwa siku. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na joto letu lenye unyevu humchosha upesi. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde 5. Usipoweza kuvumilia, nyayo zake pia haziwezi.

Siku mbili za mwanzo usimwagize lolote. Sema "Safi!" kisha mpe kipande papo hapo, mara 15 kwa kila somo. Akianza kugeuza kichwa kwa kusikia neno hilo tu, ameshaelewa. Faida yake ni kwamba linamwonyesha tendo lililolipwa. Bila neno hilo, ukichelewesha kipande hata kwa sekunde 2 atakuwa ameshasimama, nawe utakuwa umelipia kusimama.

Sasa kuketi. Shika kipande karibu na pua yake, kisogeze polepole juu kuelekea kisogoni. Kichwa kinapokifuata, makalio hushuka, yakigusa ardhi tu, "Safi!" na mpe. Akirudi kinyumenyume, mfundishie mbele ya ukuta. Akiruka, mkono wako uko juu mno. Usimkandamize kiuno, maana atajifunza kushindana na mkono. Akifaulu mara 8 kati ya 10, ndipo uingize neno "Kaa", ulitamke kabla tu ya kuinua mkono, mara moja. Anayesema "kaa, kaa, kaa" anamzoesha mbwa kungoja la tatu. Kuanzia siku ya tatu ya somo hili la kuketi fanya ishara ile ile kwa mkono mtupu, kipande kitoke mfukoni. Vinginevyo atakutii akiona nyama tu.

Kwa mgeni, tafuta msaidizi. Uwe uani, umeshika kamba, naye asimame hatua 10 kutoka kwenu. Mwambie mbwa "Kaa". Msaidizi asogee hatua moja moja, na kwa kila hatua mbwa akibaki ameketi, "Safi!" na kipande. Akiinuka, msaidizi ageuke kimya na kurudi alikotoka. Mbwa anatamani mtu afike, basi ajionee mwenyewe kwamba kuketi humleta na kuruka humwondoa. Wakishakaribiana bila tatizo, msaidizi arudi akiwa na kanzu, siku nyingine baibui, kisha helmeti ya bodaboda, kisha akisukuma baiskeli. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, na akikosea mara mbili mfululizo, rudi hatua iliyotangulia.

Wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu kabla ya kuacha mbwa anaweza kuruka zaidi ya mwanzo. Anasukuma kwa nguvu mlango uliokuwa ukimfungukia. Ukilegea siku hiyo, umemfundisha kuwa kuruka sana ndiko kunakolipa. Watoto wa nyumbani nao washike sheria hiyo hiyo: mmoja akiruhusu kurukiwa, kazi ya wiki nzima inaharibika.

Fimbo iache kabisa. Mbwa anayechapwa mbele ya mgeni huweza kuunganisha maumivu na mgeni, wala si na kuruka, na kesho atamchukia mgeni. Wala usimwadhibu anaponguruma. Kunguruma ni onyo, na aliyenyang'anywa onyo huuma bila taarifa. Akipiga miayo hana usingizi, akilamba midomo, akilaza masikio au kufyata mkia, ana hofu: mpeleke mbali kidogo, uanze tena kwa umbali anaoumudu.

Akishazoea, punguza vipande taratibu: kila mara, kisha mara moja katika mbili, kisha bila mpangilio anaoweza kuubashiri. Ukikata vyote ghafla, ataacha kuketi.

Kabla ya kumtoa barabarani awe amechanjwa kichaa cha mbwa, kuanzia umri wa miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka. Matembezi ya kwanza chagua kichochoro kitulivu cha Raskazone, kamba fupi mkononi na maini mfukoni. Mtu akitokea mbele, mvute mbwa pembeni, mkalishe, umlipe mpaka mpita njia apite.