Kabla ya Kuandika Programu Inayotumia Enzi za Kijapani

Anayepewa kazi ya kuandaa mfumo utakaotumika Japani hana budi kujua mapema kwamba fomu nyingi za serikali nchini humo bado huhesabu miaka kwa enzi ya Mfalme, hata mwaka 2024 ukaandikwa Reiwa 6, yaani mwaka wa sita wa enzi ya Reiwa. Aamue kwanza tarehe zitahifadhiwaje. Kwangu hili halina mjadala: kanzidata itunze tarehe kamili ya kalenda ya Gregori, na jina la enzi litumike wakati wa kupokea na kuonyesha tu. Mifumo iliyotunza tarakimu mbili za mwaka wa enzi ya Showa, ikaendelea kuhesabu hata enzi hiyo ilipokwisha, ilifikia Showa 100 mwaka 2025, na tarakimu mbili zikawa hazitoshi.

Mipaka ya enzi iwekwe kwa siku, kamwe si kwa mwaka. Showa 64 ilidumu siku saba tu, kwani Mfalme Hirohito alifariki tarehe 7 Januari 1989 na Heisei ikaanza kesho yake. Kwa hiyo jedwali linaloupa kila mwaka enzi moja litamkosea mtu aliyezaliwa tarehe 3 Januari mwaka huo. Kwa tarehe zilizotangulia 1 Januari 1873, yaani Meiji 6, kutoa na kujumlisha miaka hakutoshi, kwa sababu Japani ilikuwa ikifuata kalenda iliyohesabiwa kwa mwezi mwandamo na jua pamoja.

Programu ikubali pia mwaka wa kwanza ulioandikwa 元年 badala ya tarakimu 1. Vilevile isikatae Heisei 33 inaposoma hati za zamani, maana leseni za udereva zilizotolewa kabla ya Reiwa zilionyesha ukomo wa namna hiyo. Huo ni mwaka 2021, ambao Heisei haikuufikia.

Orodha ya enzi ikae nje ya msimbo, mahali inapoweza kuongezwa bila kuandika programu upya. Jina la Reiwa lilitangazwa tarehe 1 Aprili 2019, mwezi mmoja kabla ya kuanza kutumika, na muda huo ulipatikana kwa sababu Mfalme Akihito aling'atuka akiwa hai. Hata hivyo, toleo la 12.1 la Unicode, kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta, lenye alama moja ya jina hilo (namba yake U+32FF), lilitoka Mei, enzi ikiwa imekwisha kuanza. Mwaka 1989 notisi ilikuwa ya siku moja. Kwa hiyo majaribio yafanywe mapema kwa enzi ya kubuni, inayoanza katikati ya mwezi, ili ionekane ni skrini zipi na ripoti zipi zitakazoshindwa kuipokea.