Somo: Kuwaamsha mbawakawa wa Galerucella wapate kutaga

Wengi mnaofuga Galerucella calmariensis dhidi ya gugu Lythrum salicaria mna kilio kimoja: wazima wapo, wazuri, lakini hawatagi. Si wagonjwa. Wako kwenye dayapozi, usingizi wa msimu, na joto peke yake haliwaamshi. Lazima baridi ipite kwanza.

Hatua ya 1: Washibisheni. Aliyetoka kwenye bundo (hatua ya kabla ya kuwa mzima) juzi hana akiba ya mafuta mwilini. Mpeni majani mabichi mpaka aache kula mwenyewe na kuanza kujificha.

Hatua ya 2: Baridi. Chombo chenye matundu madogo, majani makavu ndani, giza, nyuzijoto 4. Mimi huwaacha miezi 3, sipunguzi. Hapa ndipo wadudu wengi hupotea, na mara nyingi muuaji si baridi. Friji hukausha hewa, basi mtu anamwaga maji, ukungu unaota. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua chombo nikakuta donge jeupe tu, iliniuma sana. Sasa naweka sponji yenye unyevu, nafungua kila wiki na kutoa waliokufa.

Hatua ya 3: Watoeni taratibu, siku mbili penye ubaridi wa wastani, kisha nyuzijoto 25 na mwanga wa saa 16 kwa siku.

Hatua ya 4: Wazima 10 kwa kila mmea wa chungu, chini ya wavu.

MASWALI

– Mwalimu, nikiwapa mwanga mrefu bila baridi?
Aliyekwisha kulala, sitegemei mwanga peke yake. Utapoteza wiki nyingi.

– Njia hii itafaa kwa Zygogramma, mbawakawa anayekula gugu karoti (Parthenium)?
Usiihamishe, ndugu yangu. Yule asili yake ni Meksiko, hujifukia udongoni na kuibuka na mvua. Kila mdudu ana saa ya kwao. Marekani ilipoachia mbawakawa Diorhabda kwenye vichaka vya gugu tamariski mwaka 2001, waliotoka Fukang, China, walishindwa kusini mwa latitudo 38: siku za kiangazi huko ni fupi kuliko walizozoea, wakalala mapema mno.

– Nitajuaje wameamka kweli?
Kula si ushahidi. Kagua majani na mashina: mayai meupe, machache pamoja, yenye mstari mweusi wa kinyesi juu yake. Ukiuona huo, andaa vyungu vingine.