Kupigia kura kipengele cha katiba: mwongozo kwa makanisa ya Kibaptisti, Dar es Salaam

Juni 2023 wajumbe wa Southern Baptist Convention, ushirika wa makanisa ya Kibaptisti wa Marekani, walipitisha mara ya kwanza kipengele cha katiba cha kuyazuia makanisa yenye wachungaji wanawake kuwa ndani ya ushirika huo. Katiba yao inataka theluthi mbili katika mikutano miwili mfululizo. Mwaka 2024 kikapata asilimia 61.45, kikaanguka. Kikaletwa upya Dallas mwaka 2025, kikapata 60.74, kikaanguka tena. Kipimo kilikuwa kimeandikwa kabla mtu hajapiga kura.

Swali hilo likiingia ushirikani kwenu, anzeni na daftari la washirika, mjadala baadaye. Mshirika kahamia Kibaha au Chanika, hakuchukua barua ya uhamisho, jina lake bado lipo. Daftari likiwa na majina 240 na akidi ni nusu, mnatakiwa kuwa 120. Kama 70 walishahama, hao 120 mnawatafuta kati ya watu 170. Miezi miwili kabla, mashemasi wapige simu kwa kila jina. Wa kuondolewa aondolewe na mkutano, si kalamu ya katibu. Na vijana? Sisi tunabatiza anayeikiri imani mwenyewe, kwa hiyo wa miaka 14 wamo daftarini. Katiba ikinyamaza kuhusu kura yao, mkutano uamue mapema.

Kisha ulizaneni: theluthi mbili ya nani? Tuseme daftari lina 170, wamehudhuria 126, kura halali ni 120. Theluthi mbili ya kura ni 80, ya waliohudhuria ni 84, ya washirika wote ni 114. Kura 82 za ndiyo zinapitisha kwa kipimo cha kwanza, na kwa viwili vinavyofuata zinaangusha. Kanisa hugawanyika hapa hapa, huku kila upande ukiamini umeshinda.

Pendekezo liwe karatasi moja: kifungu cha zamani kushoto, kipya kulia, neno kwa neno. Tangazo litimize siku zote zilizotajwa na katiba. Ikipungua hata moja, aliyeshindwa ana haki ya kupinga.

Msiuweke mkutano mwishoni mwa ibada ndefu. Ikifika saa nane watu wanawahi daladala, akidi inavuja kimyakimya. Hesabuni tena vichwa kabla tu ya kura. Karatasi zigongwe muhuri, zigawiwe kwa jina kutoka daftarini, kura iwe ya siri. Wahesabuji wawe watatu: mmoja kila upande, wa tatu anayeaminiwa na wote. Jambo likimgusa mchungaji, asiongoze kikao yeye. Muhtasari usomwe na kusainiwa siku hiyo hiyo, kisha mabadiliko yapelekwe kwa Msajili wa Jumuiya, au kupitia ofisi ya dhehebu kama usajili wenu uko chini yake.

Hati ya kiwanja iangaliwe kabla ya haya yote. Kanisa la Saddleback, California, lilitolewa kwenye Southern Baptist Convention mwaka 2023 kwa ajili ya wachungaji wanawake, na majengo yake yakabaki yake. Hati yenu ikiwa kwa jina la bodi ya wadhamini ya dhehebu iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili bodi za wadhamini, kura ya washirika haihamishi kiwanja hata kwa asilimia mia.