Nyonga zikiuma na mimba

Maumivu haya hukaa mbele kwenye kinena au nyuma juu ya makalio, na mara nyengine hushuka mapajani. Viungo vya nyonga hulegea wakati wa ujauzito. Mguu mmoja ukibeba mwili peke yake, au mapaja yakiachana, ndipo panapochoma. Mtoto hadhuriki.

Kitandani, kunja magoti yote mawili, yabane, kisha geuza bega, kiuno na magoti kwa pamoja. Ukilala ubavu, mto uanzie mapajani ufike vifundoni. Mto wa magotini tu huuacha mguu wa juu ukining'inia na kuvuta nyonga. Nguo vaa umekaa. Kwenye gari tanguliza makalio, halafu ingiza miguu yote miwili. Bodaboda iache. Anayekaa ghorofani apande ngazi moja moja: kupanda, mguu mzima mbele, kushuka, ule unaouma.

Mbuzi ya kukunia nazi ndiye adui mkubwa: iko chini, magoti yameachana, mgongo umeinama. Mpe mwengine akune, au nunua nazi ya mashine. Wakulima wa mwani wasinyanyue polo bichi; ligaweni kwenye ndoo ndogo. Anayeumia kuinuka kwenye sijda asali amekaa, ruhusa ipo.

Kanga husaidia, ila wengi huifunga pabaya. Ikunje kwa urefu ipate upana wa kiganja. Simama, ipitishe chini ya tumbo na kuzunguka mifupa ya ubavuni mwa nyonga, kisha kaza mpaka vidole viwili vipite kwa shida kidogo. Ikipanda kiunoni hubana tumbo na haishiki kitu. Ukilala, ifungue.

Mara tatu kwa siku, bana misuli ya chini kama anayezuia mkojo na upepo. Shikilia sekunde 5, achia, rudia mara 10. Usifanye ukiwa unakojoa. Mgongo ukandwe kwa kitambaa cha moto wa wastani. Tumbo lisikandwe na mtu.

Panadol inaruhusiwa, lakini muulize mkunga kiwango. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa usizinunue mwenyewe, hasa baada ya wiki 20.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona damu au maji yanatoka, homa, mkojo unachoma, tumbo linakaza na kuachia kwa mpango kabla ya wiki 37, mtoto amepunguza kucheza, au huwezi kukanyaga. Kliniki taja maumivu haya mapema, wayaandike kwenye kadi; siku ya kujifungua wazalishaji wajue mapaja yako yasipanuliwe kwa nguvu.