Jinsi ya Kufanya Ziara ya Chakula kwa Miguu Mjini Palermo

Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia nchini Italia, ni mji wa bandari ambao chakula chake kinachosifiwa zaidi huliwa kwa mkono, mlaji akiwa amesimama kando ya meza ya mchuuzi. Mgeni anayeketi mkahawani na kuagiza kwa kusoma orodha ya vyakula atashiba, ila sehemu kubwa ya mapishi ya mji huo itampita. Kinachofaa ni kutenga saa tatu au nne za asubuhi, kumtafuta mwongozaji ambaye ni mwenyeji, na kutembea naye sokoni.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. La kwanza ni idadi ya watu katika kundi, kwa kuwa wakizidi kumi hawapitiki vizuri katika vichochoro vya soko, na walio nyuma hawasikii chochote. La pili ni soko mtakalopitia. Masoko ya kale yanayojulikana zaidi ni Ballarò, Capo na Vucciria, lakini hili la tatu limepungukiwa na wachuuzi wa mchana na siku hizi huchangamka zaidi usiku, kwa hiyo ziara ya asubuhi inayolitegemea hilo peke yake haina maana. Mimi huchagua kuanzia Capo, karibu na lango la Porta Carini, kupita penye jumba la opera la Teatro Massimo lililofunguliwa mwaka 1897, kukatiza makutano ya Quattro Canti, na kumalizia Ballarò.

Mweleze mwongozaji mapema vitu usivyokula, na usisubiri hadi mfike mbele ya karai. Msomaji Mwislamu, na yeyote asiyetumia nguruwe, asitosheke na kuuliza kama chakula kina nyama ya nguruwe; aulize pia kimekaangwa kwa mafuta gani. Neno la kukariri ni “strutto”, yaani mafuta ya nguruwe, ambayo huingia hata katika vyakula visivyo na kipande cha nyama hiyo. Hapa ndipo mwongozaji mzuri anapojulikana, kwani atakujibu kwa kila kituo bila kubabaika, na asipojua atamuuliza mchuuzi mbele yako.

Siku yenyewe usinywe chai nzito asubuhi. Vaa viatu visivyoteleza, kwa sababu mawe ya sokoni huwa yamelowa maji ya barafu ya samaki, na beba sarafu za yuro.

Anzeni na panelle. Huu ni unga wa dengu uliosongwa kwa maji na chumvi mpaka ukawa mzito, ukatandazwa upoe, ukakatwa vipande vyembamba na kukaangwa. Aliyezoea bhajia za dengu ataitambua harufu kabla hajafika, lakini atashangaa akiuma, kwa sababu unga huo umeshaiva kabla ya kuingia kwenye mafuta, na hivyo nje huwa mkavu na ndani laini. Huwekwa ndani ya mkate wenye ufuta, mara nyingi pamoja na crocchè za viazi, ambazo ni jamaa wa karibu wa kachori zetu. Kamulia limau.

Arancina ni donge la wali wenye zafarani, lenye umbo la chungwa dogo kama jina lake linavyosema, lililojazwa kitoweo, likapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Kuwa mwangalifu na matamshi: hapa ni arancina, si arancino kama wasemavyo Catania, mji mwingine wa Sisilia, na mchuuzi hatasita kukusahihisha. Ile ya siagi kwa kawaida hutiwa nyama ya paja la nguruwe, na ile ya nyama ya kusaga nayo huweza kuwa na mchanganyiko. Vyovyote iwavyo, gawaneni moja watu wawili. Siku yangu ya kwanza nilimaliza nzima peke yangu, na tulipofika kituo cha tatu nikawa mtazamaji tu.

Mwongozaji akikuambia kwamba Waarabu waliutawala mji huu kuanzia mwaka 831 hadi Wanormani walipouteka mwaka 1072, sikiliza majina ya viungo vilivyo mezani. Zafarani kwa Kiitalia ni zafferano, sukari ni zucchero. Msemaji wa Kiswahili atajiona si mgeni kabisa.

Kituo kinachostahili muda mrefu kuliko vyote ni cha pani ca meusa, mkate wa wengu. Wengu na mapafu ya ndama huchemshwa kwanza, hukatwa vipande vyembamba, kisha hukaangwa katika mafuta ya nguruwe kwenye sufuria pana iliyoinamishwa. Simama mahali utakapoona mikono ya mchuuzi: anapasua mkate wa duara, anavuta vipande hadi ukingo wa juu wa sufuria, anavibana kwa uma ili mafuta yatiririke, na kuvitia mkateni kabla havijapoa. Atakuuliza kama unataka schettu, yaani mseja, wenye chumvi na limau tu, au maritatu, aliyeoa, ambaye huongezewa jibini. Mimi namshauri anayekula aanze na mseja, kwa kuwa jibini huficha ladha ya wengu. Wenyeji husimulia kwamba chakula hiki kilitokana na wachinjaji Wayahudi waliokuwa wakilipwa kwa matumbo badala ya fedha, hadi Wayahudi walipofukuzwa kisiwani kwa amri ya mwaka 1492. Kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi mafuta ya nguruwe ya leo ni kinyume kikubwa cha asili yake.

Frittola huhitaji moyo. Mchuuzi hukaa na kapu lililofunikwa kitambaa, ndani yake mna mabaki ya nyama ya ndama na gegedu yaliyochemshwa na kukaangwa kwa mafuta yale yale ya nguruwe. Huingiza mkono chini ya kitambaa bila kufunua, akatoa fungu, akalitia pilipili manga na limau juu ya karatasi. Huchagui, na si adabu kuomba kuchungulia.

Sfincione, mkate mnene wenye nyanya, vitunguu, dagaa wa chumvi na jibini, huuzwa pia kwenye bajaji za mizigo zinazozunguka mitaani. Kipande kidogo kinatosha. Stigghiola, utumbo wa mwanakondoo au mbuzi uliozungushwa kwenye kitunguu cha majani na kuchomwa juu ya makaa, hupatikana zaidi jioni, na moshi wake utakuongoza bila ramani.

Mkifika Ballarò nyamazeni kidogo. Wachuuzi wa hapa hunadi bidhaa kwa sauti za kuimba, desturi inayoitwa abbanniata, na mwongozaji anayezungumza bila kupumzika atakunyima jambo hilo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu.

Kitamu kiwe cha mwisho. Ganda la cannolo, mrija wa unga uliokaangwa na kujazwa jibini tamu, kwa mapishi ya asili hutiwa mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala, kwa hiyo asiyetumia vitu hivyo achukue granita ya limau, yaani barafu laini yenye maji ya limau na sukari. Anayetumia aangalie jambo moja tu, kwamba maganda yako matupu na yanajazwa ricotta, jibini laini ya maziwa ya kondoo, pale anapoagiza, maana ganda lililojazwa mapema hunywa maji ya jibini na kulegea. Ukiyakuta yamepangwa kabatini yakiwa yameshajazwa, mwombe mwongozaji akupeleke duka linalofuata.