Kukusanya Vyombo vya Kale vya Delft: Udongo Kwanza, Alama Mwisho

Wengi wanaoanza kukusanya vyombo vya buluu na vyeupe vya Delft, Uholanzi, hugeuza sahani, wakaona herufi mbili kitakoni, wakatoa pesa. Hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Alama ya AK ya Adriaen Kocx, aliyemiliki karakana ya De Grieksche A kuanzia 1686 hadi 1701, imeigwa mara nyingi sana, na vyombo vingi halisi havina alama yoyote. Alama iangalie baada ya kila kitu kingine.

Anza na udongo. Tafuta mahali glezi, yaani tabaka la kioo linalofunika udongo, ilipobanduka, aghalabu ukingoni au kwenye duara la kitako. Udongo wa Delft ni laini, una chokaa, na rangi yake ni manjano hafifu inayokaribia hudhurungi. Kuna vyombo vyenye mwili mweupe na mgumu: hivyo ama ni kauri (porselini), ama ni kazi ya baadaye. Karakana ya De Porceleyne Fles, iliyoanzishwa 1653, ilianza kutumia mchanganyiko mweupe na mgumu baada ya Joost Thooft kuinunua mwaka 1876. Kauri nyembamba ukiielekeza kwenye taa hupitisha mwanga. Delft ya kale haipitishi kabisa.

Weupe wake unatokana na oksaidi ya bati iliyomo kwenye glezi. Mchoraji alipaka kobalti, rangi ya buluu, juu ya glezi mbichi, kavu kama unga, iliyofyonza rangi papo hapo, kwa hiyo hakuweza kufuta. Ndiyo maana mistari halisi ina kasi: mwembamba hapa, mzito pale brashi ilipotua, na kingo zake zimeyeyuka kidogo ndani ya weupe. Tumia lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vitone vilivyopangwa safusafu, au mstari wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, picha hiyo imechapwa. Maneno "Delft Blue", "Holland" au "Handpainted" chini ya chombo ni ya bidhaa za ukumbusho za karne ya 20. Hazina ubaya, mradi usizilipie bei ya karne ya 17.

Sahani ya miaka 300 isiyo na hata pengo moja ukingoni ichunguzwe mara mbili. Glezi na udongo havikushikana sawasawa, hivyo ukingo humeguka kwa kugongwa kidogo tu. Pengo la kale lina uchafu uliozama na kingo zilizolainika kwa kushikwashikwa. Pengo la bandia ni kavu na safi, na mapengo ya aina hiyo yamepangika mno. Geuza sahani utafute makovu matatu madogo nyuma ya ukingo: yaliachwa na vijiti vya udongo vilivyoishikilia tanurini. Yakikosekana, hilo peke yake halitoshi kuikataa.

Ukarabati uliofichwa ndio tatizo la kila siku. Shika chombo kwa wepesi ukigonge kwa ukucha. Mlio uliokufa ghafla unaashiria ufa au gundi. Kisha kimulike gizani kwa taa ya urujuanimno (UV), kwani rangi ya ukarabati mara nyingi hung'aa tofauti na glezi inayoizunguka. Si zote hung'aa, kwa hiyo pitisha kidole pia: sehemu iliyopakwa upya huwa na joto kidogo na ulaini wa plastiki. Usijaribu asetoni, kiyeyushi cha rangi, kwenye chombo kisicho chako.

Kwa anayeanza, vigae ndivyo shule bora. Bei yake ni nafuu, na unene wake husaidia kukadiria umri: vya mwanzoni mwa karne ya 17 mara nyingi huzidi milimita 10, ilhali vya baadaye hushuka hadi milimita 7 au 8. Upande mmoja una takriban sentimita 13. Vitundu vidogo pembeni mwa uso si kasoro. Ni alama za misumari ya kibao kilichotumika kukatia kigae. Vigae vingi vinavyoitwa vya Delft vilitengenezwa Rotterdam, Utrecht au Friesland, na muuzaji mwaminifu atakuambia hivyo. Makumbusho yenye vigae vya kale ni mahali pazuri pa kuzoeza macho.

Usafi uwe mdogo. Kitambaa chenye unyevu kinatosha; usiloweke sahani, wala usiiweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Maji huingia kwenye udongo kupitia mapengo, huyeyusha chumvi iliyomo, na chumvi hiyo ikikauka chini ya glezi huisukuma mpaka ibanduke. Kigae kilichong'olewa kwenye ukuta wenye unyevu huwa kimejaa chumvi hiyo. Kama glezi yake bado imeshika, kiloweke kwenye maji yaliyokenekwa, ukibadilisha kila siku kwa wiki kadhaa. Kama imeanza kubanduka, mpelekee mhifadhi wa vyombo vya kale. Sahani ya ukutani usiitundike kwa waya wa springi usiofunikwa: hukaza ukingo, mahali palepale glezi ilipo dhaifu zaidi.